Usilipie spika 19: ubishi wangu kuhusu muziki wa kiwandani kwenye pikapu

Wacha niseme mapema ili tusipotezeane muda. Ukienda kununua pikapu mpya Marekani, na muuzaji akakushawishi uongeze hela upate ule mfumo wa sauti wa "hali ya juu" unaofungwa kiwandani, mwambie asante, hapana. Sisemi mifumo hiyo ni mibaya. Mingi inalia vizuri sana. Nasema sehemu kubwa ya hela hiyo hailipii sauti, na ile sehemu inayolipia sauti unaweza kuipata kwingine bila kujifunga kamba miguuni.

Najua kuna watakaouliza, wewe mtu wa Nairobi, pikapu za Marekani zinakuhusu nini? Usukani wao uko kushoto, na huku kwetu sheria inataka usukani wa kulia. Zinanihusu kwa njia mbili. Nina binamu yangu Dallas, Texas, anayetaka pikapu ya kazi na ya kutembelea, na kila wikendi ananitumia kurasa za matangazo akiniuliza, "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta, niambie hii ni kweli au ni maneno?" Njia ya pili ni kwamba sisi Wakenya tunajua kuliko watu wengi mfumo wa kiwandani hugeuka kuwa nini ukishazeeka mikononi mwa mtu mwingine. Nitafika huko.

Kwanza majina. Ford inauza F-150 yenye sauti ya B&O, yaani Bang & Olufsen, kampuni ya Denmark iliyoanza mjini Struer mwaka 1925. Toyota Tundra inakuja na JBL. Ram 1500 kwa miaka kadhaa imebeba jina la Harman Kardon. Mnunuzi anakesha akilinganisha: nichukue Wadenmaki hawa wenye redio za kifahari, au JBL ile ya kumbi za disko? Sasa sikiliza. Bang & Olufsen waliiuzia Harman biashara yao ya sauti za magari mwaka 2015, pamoja na ruhusa ya kutumia jina lao. JBL ni ya Harman. Harman Kardon ni ya Harman, jina lenyewe linakwambia. Na Harman yenyewe ilinunuliwa na Samsung kwa dola bilioni 8, biashara iliyokamilika Machi 2017.

Ni kama vibanda vitatu vya chapati vyenye jiko moja kwa nyuma. Sisemi chapati zote zinafanana. Mmoja anaweza kuagiza mafuta zaidi na mwingine unga mzuri zaidi. Lakini usiniambie unachagua kati ya wapishi watatu.

Wapo walio nje ya jiko hilo, lazima niseme. Bose wako na General Motors tangu mwaka 1983, walipoanza na Cadillac Seville, na leo utawakuta ndani ya GMC Sierra. Ram nao kwenye toleo la Tungsten la mwaka 2025 walileta Klipsch, spika 23. Ishirini na tatu! Ndani ya kibanda cha watu watano.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanza, kwenye hesabu. Tundra spika 12. F-150 ya juu iliwahi kuwa na spika 18, nyingine zikiwekwa darini na kwenye vilalio vya kichwa. Ram ya Harman Kardon spika 19 na wati 900. Mimi huandika programu kwa ajira, na nawajua watu wanaopima programu kwa idadi ya mistari ya msimbo. Ndio hao hao. Binadamu ana masikio mawili. Spika nne zilizokaa mahali pazuri na wufa moja ya heshima zinatosha kujaza kibanda cha pikapu mpaka vioo vitetemeke. Zinazobaki nyingi ni vispika vidogo vya kujaza nafasi na kujaza karatasi ya matangazo.

Wati nazo, hebu tupige hesabu, kwa sababu hii ni hesabu ya kidato cha nne. Injini ikiwaka, gari linatoa takriban volti 14.4. Chukua redio ya kawaida ya gari, ile iliyoandikwa "50W x 4" kwenye uso wake, na spika ya omu 4. Volti ya juu kabisa inayoweza kufika kwenye spika bila kifaa cha kuikuza ni hiyo hiyo 14.4. Kwa wimbi laini la sauti safi, gawanya kwa 1.414 upate volti 10.2, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 4. Unapata wati 26 hivi, na hapo bado hatujatoa hasara za njiani. Ile 50 imetoka wapi? Imetokana na wimbi la mraba, yaani sauti iliyokatwakatwa mpaka imekuwa kelele: 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4, wati 51.8. Hakuna aliyesema uongo kisheria. Wamekuuzia tu namba ya sauti ambayo hungevumilia kuisikiliza dakika moja.

Mifumo ya kiwandani ya bei ina amplifaya halisi, na mingi hutumia spika za omu 2 au chini ili kukamua nguvu zaidi kwenye volti zile zile, kwa hiyo siwezi kuwashtaki kwa kosa la redio ya bei poa. Lakini hata tukikubali wati 900 ni 900, zinakununulia nini? Sikio letu halisikii wati, linasikia kwa mizani ya desibeli. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 450 hadi 900, unapata desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili unahitaji nguvu mara kumi hivi. Na ukiwa unasikiliza kistaarabu, unatumia wati chache mno, mbili tatu. Kazi ya zile nyingine ni kuwa akiba ya ngoma inapopigwa ghafla. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 94 una saa moja. Kutoka Dallas kwenda Houston ni zaidi ya saa tatu.

Na hujaondoa kelele za barabara. Pikapu inayokwenda kilomita 110 kwa saa ina kelele ndani yake ya karibu desibeli 65 hadi 70: matairi, upepo kwenye vioo vya pembeni, injini. Sidii ya kawaida ina uwezo wa desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ukiwa barabarani unatumia labda 25 za juu. Zilizobaki zimezikwa chini ya matairi. Ndiyo maana nacheka nikiona tangazo la muziki wa "ubora wa studio" ndani ya gari la kubeba mchanga. Fundi akikubandikia malighafi ya kuzuia mtikisiko ndani ya milango minne, utasikia tofauti kubwa kuliko kuongeza spika sita. Kazi hiyo haina jina la Kidenmaki, kwa hiyo hakuna anayeitangaza.

Sasa niwape haki yao, maana kuna kitu kimoja kwenye mifumo hii kinachostahili sifa, nacho kimefichika.

Dereva wa Marekani amekaa kushoto. Sikio lake liko karibu sana na mlango wa kushoto, na mlango wa kulia uko mbali. Tuseme tofauti ni sentimita 70. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika ya kulia inachelewa kama milisekunde 2. Ni kidogo, lakini ubongo unaitambua: muziki wote unaonekana kutoka mlango wa kushoto, mwimbaji amekaa gotini mwako. Dawa yake ni kuichelewesha spika ya karibu milisekunde hizo hizo mbili ili zote zifike pamoja. Hapo mwimbaji anahamia juu ya dashibodi, katikati, mahali anapostahili. Mara ya kwanza ukisikia jambo hilo utadhani gari limepanuka.

Unajua hiyo kazi inafanywaje? Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, milisekunde 2 ni sampuli 96. Unazihifadhi kwenye foleni, unazitoa baadaye. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaandika hiyo kabla chai haijapoa. Kazi ngumu ni ya yule mhandisi aliyekaa ndani ya pikapu hiyo hiyo na maikrofoni, akapima kila kiti, akajua besi inavuma wapi na kioo cha nyuma kinarudisha nini. Kazi hiyo naiheshimu. Wengi wanaotetea mifumo ya kiwandani wanatetea kazi ya huyu mtu, na wana haki.

Lakini angalieni: kitu chenye thamani hapo ni programu na jedwali la namba. Spika zenyewe mara nyingi ni karatasi na plastiki za kawaida. Na hiyo programu, uliyoilipia, huruhusiwi kuigusa. Unapewa vitufe vitatu: besi, kati, juu. Pengine na kimoja cha "mzunguko" kinachoharibu kila kitu. Ukibadilisha viti, ukihamia kiti cha abiria, ukiondoa zulia, ukitaka besi isipunguzwe kisirisiri sauti inapopanda, huna mlango wa kuingilia. Kampuni inazo zile namba. Wewe unazo spika.

Tena amplifaya ya kiwandani ya leo siyo amplifaya tu. Inapokea sauti kwa njia ya kidijitali na amri kwa mtandao wa ndani wa gari unaoitwa CAN, na mara nyingi humo humo unapita mlio wa mkanda wa usalama, wa vihisi vya kuegesha, wa simu. Zipo zenye kazi ya kuua kelele: maikrofoni za darini zinasikiliza mngurumo, na spika zinatoa wimbi kinyume ili viuane. Ukibadilisha wufa bila kuzima hiyo kazi, hesabu zake zinapotea na gari linaanza kuvuma lenyewe kama pipa. Kisha kuna hili linalonifurahisha sana: mwaka 2015 gazeti la Washington Post liliandika jinsi F-150 na Mustang zenye injini za EcoBoost zilivyokuwa zikiongezewa mngurumo wa injini kupitia spika. Yaani spika moja inaua kelele ya injini na nyingine inaiimba. Halafu unaambiwa ni mfumo wa muziki.

Mimi sina tatizo na vitu kuunganishwa. Programu zote zimeunganishwa. Tatizo langu ni kuunganisha bila kuandika. Kwenye kazi yetu, mtu akikupa sehemu bila maelezo ya namna ya kuzungumza nayo, tunajua alichokusudia: utarudi kwake. Kuna kampuni ndogo huko Marekani zilizokaa zikachunguza ishara za mitandao hiyo moja moja, sasa zinauza visanduku vya kutafsiri ili amplifaya ya nje ielewane na gari. Nawavulia kofia. Lakini fikiria: umelipa mara ya kwanza kufungiwa mlango, unalipa mara ya pili kutengenezewa ufunguo.

Na anayeshika funguo anaweza kubadili mawazo. Mwaka 2023 General Motors walitangaza kwamba magari yao mapya ya umeme hayatakuwa na CarPlay, eti wana programu yao nzuri zaidi. Inawezekana ni nzuri. Aliyeamua ni nani?

Sasa Kenya. Nilisema nitafika.

Magari mengi yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, yasizidi miaka 8 tangu yasajiliwe. Yanashuka Mombasa na mifumo ya kiwandani safi kabisa, skrini, kamera, spika nzuri. Halafu unawasha redio. Redio za Japani kwa miaka mingi zilitengenezwa kushika FM ya megahezi 76 hadi 90, baadaye ikasogezwa hadi 95. Capital FM Nairobi iko 98.4. Redio Citizen iko 106.7. Kwa hiyo una gari la milioni kadhaa na redio isiyoweza kukusomea habari za saa moja. Unanunua kakifaa ka kusogeza masafa, na hapo bado skrini yote ni Kijapani. Kisha siku moja fundi anachomoa betri, na skrini inaamka ikidai namba ya siri ya kuzuia wizi, au kadi ya ramani iliyobaki mfukoni mwa mtu fulani Osaka. Mfumo mzima unakufa. Spika nzima, amplifaya nzima, nyaya nzima, zote zimekuwa mateka wa namba chache.

Nenda Luthuli Avenue siku yoyote uone watu waliopanga foleni kung'oa mifumo ambayo mnunuzi wa kwanza aliilipia kwa fahari. Hicho ndicho kipimo changu. Mfumo wa kiwandani usiupime siku ya kuchukua funguo, wakati kila kitu kinanukia upya. Upime mwaka wa kumi, mikononi mwa mtu wa tatu.

Linganisha na matatu. Hakuna mtu Rongai anayeuliza kiwanda kimeweka spika ngapi. Gari linakuja chasisi, mwili unajengwa hapa, na muziki unafungwa na vijana wanaojua kila waya umepita wapi. Amplifaya ikiungua Jumanne, Jumatano kuna nyingine, ya kampuni nyingine kabisa, kwa sababu waya ni waya na omu ni omu. Sauti yenyewe mara nyingi ni ya kuvunja mifupa, na siipendekezi kwa mtu anayethamini masikio yake. Lakini kama muundo wa mfumo, ni bora kuliko wa pikapu ya dola elfu themanini.

Binamu yangu ana majibu yake, na si mabaya. Anasema hataki fundi amkatie nyaya za gari jipya. Kuna mifuko ya hewa ya pembeni, mtu akikosea ni hatari. Kweli. Mtafute fundi anayetumia viunganishi badala ya mkasi, na kama humpati, acha gari lilivyo. Anasema dhamana itakufa. Hapana: Marekani kuna sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, muuzaji hawezi kufuta dhamana kwa sababu tu umefunga kifaa cha nje, lazima ioneshwe kifaa hicho ndicho kilicholeta hitilafu. Anasema ni rahisi, unatia sahihi mara moja na inaingia kwenye mkopo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kulipia riba ya wufa kwa miaka sita.

Kuna watu nisiobishana nao. Anayekodi gari miaka mitatu na kulirudisha, achukue la kiwandani, matatizo ya mwaka wa kumi si yake. Na aliyetaka toleo ambalo muziki huo umo tayari, hauondoleki, afurahie tu. Maana mara nyingi hauuzwi peke yake. Umefungwa kwenye furushi moja na viti vya ngozi na dari la kioo, na ukitaka spika inabidi ununue paa.

Lakini wewe uliyebaki, unayetaka gari likae nawe, fanya hivi. Nenda na simu yako na wimbo mmoja unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Kaa kwenye pikapu ya kawaida, kisha ile ya bei, siku hiyo hiyo. Zima madoido yote. Sawazisha sauti kwa programu ya kupima desibeli kwenye simu, usitumie sikio, kwa sababu kinacholia juu kidogo siku zote huonekana kizuri zaidi na wauzaji wanalijua hilo. Kisha ziendeshe zote barabara kuu. Tofauti utakayobaki nayo hapo, kama ipo, ndiyo unayolipia. Iweke kando ya bei ya spika nne za mlango, amplifaya moja ndogo yenye chipu ya kuchakata sauti unayoweza kuipanga mwenyewe kwa kompyuta, wufa nyembamba ya chini ya kiti, na kazi ya milango.

Kabla hujaondoka, muulize muuzaji swali moja na umpe muda wa kujibu. Dhamana ni miaka 3 au maili 36,000. Amplifaya hii ikiungua mwaka wa saba, naweza kufunga nyingine yoyote, au ni lazima hii hii, na mlio wa mkanda utatokea wapi siku hiyo? Akisema anaenda kumuuliza meneja, msubiri. Kahawa ya pale ni ya bure.